Mbao za jahazi bovu si za bure

Mleta uzi umeuliza kwa nini meza ya mbao za jahazi chakavu inauzwa kushinda meza mpya ya mninga, wakati malighafi yake ni taka iliyolala ufukweni. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, hapa Unguja, na swali hilo wateja huniuliza karibu kila wiki. Naomba nikujibu kwa kirefu.

Jahazi bovu lina mwenyewe. Hata likilala pwani Nungwi miaka mitatu, mataruma yako nje kama mbavu, ukigusa ubao mmoja tu atatokea mtu. Basi unanunua, unalipa wabomoaji, unalipa gari. Hayo yote ni madogo. Kinachokula siku zako ni misumari. Imekunywa chumvi miaka na miaka, ukiivuta inakatika: kichwa kinakuja na koleo, mwili unabaki ndani ya ubao. Inabidi utoboe pembeni yake kwa keekee, uulegeze, uung'oe, kisha uhamie wa pili. Ubao wa mita mbili hunimalizia asubuhi nzima. Na ukisahau mmoja, msumeno wa mashine ndio utakaouona.

Halafu kuna chumvi yenyewe, na hii ilinifundisha kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza meza ya kulia ya hoteli moja. Ilitoka nzuri sana. Masika yalipoingia, juu ya meza pakawa na unyevu usiokauka, ukifuta unarudi, na kila tundu la msumari likatoa michirizi myeusi. Chumvi huvuta maji hewani, na kutu ya chuma ikikutana na tanini, ule ukakasi wa mbao ngumu, hugeuka nyeusi. Niliichukua meza, nikawarudishia fedha zote. Tangu siku hiyo mbao zangu zinalala kwanza kwenye maji ya mvua, nabadilisha maji mara kadhaa, kisha zinapangwa kivulini zikitenganishwa na vijiti ili upepo upite. Kabla sijazitumia nakata ncha ya ubao na kuramba pale palipokatwa. Nikisikia chumvi, unarudi majini. Kuna mbao zimenikalia zaidi ya mwaka.

Rangi nayo ina habari yake. Buluu juu ya kijani, kijani juu ya nyekundu, kila tabaka ni safari ya jahazi kupandishwa pwani likapakwa upya. Mteja ananunua hiyo. Ukiiondoa yote kwa randa umebaki na ubao wa kawaida wenye matundu. Lakini tafadhali sana, usipige msasa mkavu: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mimi naloweka, nakwangua taratibu, barakoa usoni, na makwangulio siyaachi uani. Wapo wenzetu wanaochukua mbao mpya, wakazipaka rangi tatu na kuzibabua kwa moto, kisha wakaziita mbao za jahazi. Huo ni uongo, na unatuharibia jina sote.

Nikirudi kwenye bei. Mtazame El Anatsui, msanii Mghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Anatumia vifuniko vya chupa za pombe: vinabondwa, vinatobolewa, vinaunganishwa kwa waya wa shaba kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, hadi vinaning'inia ukutani kama kitambaa cha kifalme. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kifuniko kimoja hakina bei. Mikono iliyoviunganisha ndiyo inayolipwa.

Hata karibu yetu, Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki tupu iliyookotwa, takriban tani 10, likavishwa ndala kama 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi. Mimi nilifurahi kupita kiasi, maana plastiki ile iliyeyushwa ikatiwa umbo la mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma na mbao, halafu ikaungwa kwa ufundi uleule wa wazee. Bila fundi wa jahazi, zile tani zingebaki lundo la taka.

Kama unataka kuanza, acha meza kwanza. Anza na fremu za picha na rafu fupi, vipande vya nusu mita vinatosha na hasara yake ni ndogo. Andika saa zako kwenye daftari tangu msumari wa kwanza, ndipo upange bei. Na ukikuta kiraka ambacho fundi wa zamani alikitia, pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao, ingali kwenye ungio, usikitoe. Mlango wa kabati langu la nyumbani una kiraka kama hicho, na kila mgeni hupitisha kidole pale kabla hajaketi.

Ukiwa Unguja nitumie ujumbe. Nina mataruma ya mkomafi, mti wa mikokoni, yamekwisha kukauka, njoo uchukue mawili ujaribu mkono.