Maswali ya Wasomaji: Zimwi la Shajara na Zimwi la Faili

Mhariri, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi. Tumepewa kazi ya kulinganisha usimulizi na mazimwi katika hadithi fupi mbili za kutisha: "Le Horla" ya Guy de Maupassant na "The Call of Cthulhu" ya H. P. Lovecraft. Niliandika kurasa sita, mwalimu akanirudishia na neno moja: "muhtasari". Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Bila hata kuiona kazi yako tunakisia: kurasa tatu za Horla, kurasa tatu za Cthulhu, na aya ya mwisho inayosema zote zinatisha. Wengi huligawa swali hili mafungu mawili, usimulizi huku na zimwi kule, kana kwamba zimwi lingebaki lile lile hata likisimuliwa na mtu mwingine. Halibaki. Katika hadithi hizi namna ya kusimulia ndiyo iliyolizaa zimwi, na hoja yako yote isimame hapo.

Chukua Horla kwanza. Toleo linalosomwa zaidi, la 1887, ni shajara ya bwana mmoja anayeishi kando ya mto Seine karibu na Rouen, kuanzia 8 Mei hadi 10 Septemba. Mwandishi wa shajara anajua ya jana. Ya kesho hayajui. Kwa hiyo zimwi lake, kiumbe asiyeonekana anayemwita Horla, hawezi kutueleza lilivyo. Anachoweza ni kulipima, usiku baada ya usiku.

Soma polepole maandishi ya 10 Julai. Bwana huyu ameanza kuamka na kukuta maji ya chumbani yamenyweka, naye hana habari ya kuyanywa. Tarehe 6 anaweka mezani divai, maziwa, maji, mkate na stroberi. Asubuhi maji yamekwisha yote, maziwa yamepungua, vingine viko vilevile. Tarehe 7 anarudia, matokeo ni yale yale. Tarehe 8 anaondoa maji na maziwa: hakuna kilichoguswa. Tarehe 9 anaweka maji na maziwa peke yake, anazifunga chupa kwa melimeli nyeupe, vizibo anavikaza kwa kamba, kisha anajipaka unga mweusi wa penseli midomoni, ndevuni na mikononi. Akiamka, kitambaa hakina doa, na chupa ni tupu.

Hapo ndipo penye utisho. Kama ni mwendawazimu, basi ni mwendawazimu anayejua kuondoa kigezo kimoja kimoja kama mtu wa maabara. Lakini shahidi wa jaribio hilo ni nani? Ni yeye. Hata habari kwamba mwendesha gari lake la farasi naye anaumwa vivyo hivyo, tunaipata kwake. Akisafiri anapona, akirudi nyumbani inamrudia. Zimwi liko ndani ya nyumba, au upweke ndio unaomla? Shajara haina mtu wa pili wa kutuamulia, na zimwi lisiloonekana linahitaji hasa msimulizi wa namna hiyo.

Cthulhu ni kinyume. Hadithi ilitoka katika jarida la Weird Tales, Februari 1928, nayo si shajara bali faili. Francis Wayland Thurston amerithi karatasi za babu yake mdogo, Profesa Angell wa Providence, na anaunganisha vipande: maelezo ya ndoto za mchongaji aitwaye Wilcox, taarifa ya mkaguzi wa polisi wa New Orleans aliyewavamia waabudu wa zimwi kinamasini, kipande cha gazeti, na maandishi ya baharia Mnorwe aitwaye Johansen. Thurston hajaliona zimwi, yaani Cthulhu mwenyewe, hata mara moja. Aliyeliona ni Johansen, naye tunapomfikia ameshakufa, maandishi yake akiwa ameyaandika kwa Kiingereza ili mkewe asiyasome. Tena kichwa cha hadithi kinatuarifu kwamba Thurston mwenyewe ni marehemu.

Hapa chora jedwali la safu mbili: mambo yalivyotokea, na yalivyosimuliwa. Utaona msako wa kinamasini ulifanyika 1907, mkutano wa wanaakiolojia 1908, ndoto na safari ya baharini 1925. Hadithi lakini inaanza na kifo cha profesa, inakwenda 1925, inarudi nyuma hadi 1908 na 1907, kisha inaangukia tena 1925. Kwa nini irudi kwenye miezi ile ile? Angalia tarehe. Tarehe 23 Machi mchongaji Wilcox anashikwa na homa huko Providence. Siku hiyo hiyo, Pasifiki, mabaharia, Johansen akiwemo, wanatia mguu kwenye kisiwa cha zimwi. Tarehe 2 Aprili homa inamwachia ghafla. Siku hiyo hiyo kuna dhoruba baharini. Wilcox hawajui mabaharia, mabaharia hawamjui Wilcox. Ukubwa wa zimwi anaweza kuuona mtu mmoja tu, yule aliyeshika faili lote. Kwetu mbinu rejeshi hiyo inatisha kuliko minyiri na mabawa.

Sasa andika upya. Shika swali moja: nani anajua nini, lini, na kwa ushahidi gani? Kila aya iwe na hadithi zote mbili ndani yake. Aya nne au tano zilizoshiba zinatosha. Usiandike kwamba "zote zimetumia nafsi ya kwanza, kwa hiyo zinafanana". "Mimi" wa Horla ni mhanga. "Mimi" wa Thurston ni karani wa ushahidi, na anaingia hatarini kwa kusoma tu.

Horla niliyoisoma mimi si shajara. Mgonjwa anawasimulia madaktari. Nimeuziwa kitabu kibovu?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Umesoma toleo la kwanza, lililochapwa katika gazeti la Gil Blas, Oktoba 1886. Humo Daktari Marrande anawaita wenzake wamsikilize mgonjwa, na mgonjwa anapouliza kama ni kweli majirani zake watatu wameshikwa vivyo hivyo, daktari anajibu kuwa ni kweli. Yaani yupo shahidi wa nje. Katika toleo la 1887 Maupassant alimwondoa daktari, akarefusha, akaongeza na moto wa mwishoni. Ukiyasoma matoleo yote mawili kwa siku moja utaona kuondoa shahidi kunavyobadili kila kitu. Kwenye insha, taja mwaka wa toleo unalolitumia.

Lovecraft alivyowaeleza watu weusi na machotara wa Louisiana kumenikera mpaka nikaifunga hadithi. Tuyaandike hayo, au tuyapite?
*Mwalimu wa sekondari, Kigoma*

Yaandike, mwalimu, na uyafunge kwenye usimulizi. Katika sehemu ya pili wanaolijua zimwi kuliko wote ni wale waabudu wake, na hao ndio hawaruhusiwi kusimulia: maneno ya mzee Castro, mmoja wa waabudu waliokamatwa, yanatufikia kupitia mahojiano ya polisi, kisha daftari la profesa, kisha Thurston. Matusi ya rangi yanafanya kazi ya kuwatisha wasomaji fulani wa wakati ule, na hapo ndipo hadithi ilipozeeka vibaya. Horla nayo haijasalimika: zimwi linakuja na meli kutoka Brazili, na msimulizi ndiye aliyeipigia saluti siku ya kwanza kabisa ya shajara. Hofu zote mbili zimevuka bahari. Tofauti ni kwamba Mfaransa alilikaribisha mwenyewe.

Naandika hadithi ya Popobawa ya maneno kama 3,000. Nimfichue ukurasa wa ngapi?
*Mwandishi chipukizi, Chake Chake*

Kabla ya ukurasa, amua nani anashika kalamu. Ukichagua shajara, usimfichue kabisa: toa ishara tatu, kila moja ikiongeza jambo jipya, na moja kati yake iwe jaribio ambalo mhusika amelifanya kwa mikono yake. Kosa la kawaida ni kurudia ishara ile ile, mlango kulia, mlango kulia tena, na taharuki inakufa.

Ukichagua faili, Pemba ya 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea, inakupa mali tayari: watu wakilala nje kwa makundi, na ile imani kwamba aliyevamiwa lazima awaambie wengine, la sivyo atarudiwa. Hilo ni zimwi linalolazimisha usimulizi. Lovecraft hakuwa na kitu kama hicho. Tumia mashahidi watatu au wanne, si zaidi. Wapishane katika sura ya kiumbe, wakubaliane katika jambo moja dogo, mfano saa. Na umbo ukilieleza, acha "la ajabu" na "la kutisha", toa kipimo. Lovecraft ana sifa nyingi kupita kiasi, lakini bamba la udongo alilolichonga Wilcox amelipa unene usiofika inchi 1 na ukubwa wa kama inchi 5 kwa 6, na sanamu ya zimwi iliyokamatwa kinamasini urefu wa inchi 7 hadi 8. Msomaji anakishika kitu mkononi kwanza, ndipo anapoambiwa mwenye sura ile ana ukubwa wa mlima.