Ukihamia Mjini, Anzia Jumuiyani

Vijana wanaohamia Dar es Salaam kwa kazi au masomo huniuliza wafanyeje imani yao isipoe. Wengi hutegemea niwaelekeze kwenye semina kubwa au mkesha wa kusifu. Mimi huwaambia hivi: ukishapata chumba, ulizia jumuiya ya mtaa huo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumbani kwao kwa zamu, kabla hata hujatafuta kwaya.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zetu. Waliona mbali. Parokia ya mjini ina Misa nne au tano kila Dominika, na unaweza kuhudhuria miaka mingi pasipo mtu kujua jina lako. Jumuiyani, ukikosa wiki mbili utapigiwa simu.

Sisi tunasali Jumamosi alfajiri, nyumbani kwa aliyefikiwa na zamu. Mwenyeji hutandika mikeka uani, na juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe huweka msalaba na mshumaa. Inasomwa Injili ya Dominika inayofuata, tunakaa kimya, kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa. Yupo bibi mmoja asiyejua kusoma. Husikiliza amefumba macho, na mara nyingi neno analolitaja ni lile ambalo sisi wenye Biblia mkononi tumelipita. Siku iliposomwa habari ya yule kipofu Bartimayo, wengi tulizungumzia kuponywa kwake. Bibi akasema, “Alitupa vazi lake.” Akanyamaza. Mafungo nimehudhuria, na wahubiri hodari nimewasikia, lakini namna ya kulisikiliza Neno nimefundishwa uani pale.

Najua manung'uniko yaliyopo: michango haiishi, na watu wanasemana. Ni kweli. Hata hivyo, ukiugua au ukifiwa, hao hao ndio watakaofika kwanza, na kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, watakuwa jikoni kabla hujaomba. Imani inakomaa ukiwa na watu wa kuwavumilia na wa kukuvumilia. Wakristo wa kwanza “wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali” (Mdo 2:42). Ushirika umetajwa humo pamoja na sala.

Ukishasoma Injili Jumamosi, Misa ya Dominika inabadilika. Unaingia kanisani masomo yakiwa tayari yanafanya kazi ndani yako, na mahubiri yanakukuta umeshaanza kujiuliza. Kanisa limepanga masomo ya Dominika kwa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane husomwa hasa katika Kwaresima na Pasaka. Kwa hiyo usiruke ruke. Nunua kalenda ya liturujia, itundike ukutani, ufuate siku kwa siku.

Sala ya nyumbani iwe fupi na iwe na saa yake. Asubuhi kabla ya kushika simu, ishara ya msalaba, Baba Yetu na kuikabidhi siku, inatosha kwa kuanzia. Rozari nzima ikikushinda, sali tendo moja, yaani fungu lake moja, ukiwa kwenye daladala. Alhamisi, kwa mfano, chukua moja la Matendo ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Zipo siku utasali moyo ukiwa mkavu kabisa. Sali hivyo hivyo, na usipime sala kwa machozi.

Kuhusu kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, amri ya Kanisa inadai walau mara moja kwa mwaka, na wengi husubiri Juma Kuu, foleni ikiwa ndefu na padre amechoka. Mimi nashauri kila mwezi. Ulizia ofisini siku ambazo padre hukaa kitubioni. Parokia nyingi ni Jumamosi jioni, na ukiwahi utapata nafasi ya kuomba ushauri pia. Jichunguze usiku uliotangulia, ukiuliza hasa jinsi unavyoishi na watu wa nyumbani kwako na wa kazini. Ukipata padre anayekusikiliza vizuri, rudi kwake huyo huyo, maana baada ya miezi kadhaa ataanza kuona mzizi pale ambapo wewe unaona dhambi moja moja tu.