Barua kwa mwanangu: mpe kona yake

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa Dodoma hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anakwenda soko la Majengo na kurudi bila kumwambia mtu. Shangazi yako wa Mvumi amepiga simu jana, anasema uwele umeota vizuri ila ndege wa mwaka huu hawana huruma.

Ujumbe wako nimeusoma peke yangu, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti. Unasema tangu wakupe kitengo cha mbegu hapo Singida hulali vizuri. Vijana ulio nao wamemaliza vyuo, wengine Chuo Kikuu cha Dodoma, mmoja Chuo cha Mipango, wanajua kompyuta kukuzidi, lakini ikigonga saa kumi na moja viti ni vitupu. Kwenye kikao wanaangalia simu. Wanafanya walichoambiwa na hawaongezi hata punje. Mmoja anachelewa kila wiki, umeshamwandikia barua ya onyo, na sasa hujui umwache au umwondoe. Mwisho ukauliza: "Baba, niwape motisha gani wakati fungu la nyongeza sina?"

Hilo la saa kumi na moja tuliondoe kwanza, kwa sababu hapo siko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mtu aliyemaliza saa zake akachukua mkoba wake hajamwibia mtu. Sisi tulikaa kazini mpaka giza tukaita heshima, na siku ya malipo tulihesabiwa siku, saa hakuna aliyezihesabu. Wao wamejifunza kuhesabu. Usiwachukie kwa hilo.

Sasa hiyo motisha. Unauliza uwape nini juu ya mshahara. Mimi nawaza ni kazi gani uliyowapa ambayo ni yao. Najua sivyo ulivyouliza, lakini nivumilie.

Unamkumbuka Babu wa Ntyuka, yule aliyekaa nasi siku zote za msiba wa babu yako akakataa kulala ndani? Ndiye aliyenifundisha kujenga. Umekua ukiniona na mwiko, lakini sidhani niliwahi kukueleza ukuta unavyoanza. Unaanza kwenye kona. Fundi hunyanyua kona kwanza, kozi kwa kozi, yaani safu kwa safu ya tofali, anaweka pima maji aone kama tofali limelala sawa, anashusha timazi aone kama kona imesimama wima, anarudia. Kona mbili zikisimama, ndipo kamba inavutwa kutoka hii hadi ile, na wengine wanajaza tofali katikati wakiifuata kamba. Anayejaza katikati hana la kuamua. Anayenyanyua kona akipinda kidogo tu, ukuta mzima utapinda naye. Kwa hiyo saidia fundi hapewi kona. Anachota maji, anakoroga udongo na saruji, anabeba tofali, anapandisha zege. Nilifanya hivyo muda mrefu mpaka mabega yakawa na sugu.

Asubuhi moja tulikuwa tunajenga nyumba ya mwalimu. Mzee akanipa mwiko wake mwenyewe, ule wa mpini mweusi, akasema, "Kona ya huku ni yako." Akaenda upande wa pili akanipa mgongo. Hakugeuka. Mwanangu, niliipima kila tofali mpaka nikaogopa kwamba nachelewesha watu. Mchana akaja, akashusha timazi, akanyamaza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akatoa tofali moja la juu, akanirudishia mkononi: "Hili lirudie." Nikalirudia. Jioni mwenye nyumba alipokuja kukagua, mzee akamwambia nikiwa nimesimama pale pale, "Ile kona ameinyanyua huyu kijana." Hakusema zaidi. Nimewahi kulipwa fedha nyingi kwa kazi nyingine, lakini sijawahi kurudi nyumbani nikitembea kama nilivyotembea jioni ile. Siku hiyo nilikuwa nimepata posho ya saidia fundi, ile ile ya jana yake.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema mpaka mnizike: kijana mpe kona.

Kuna jambo jingine ambalo sikukusimulia kwa sababu ulikuwa mbali, na kwa sababu bado linanichoma. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, mji ulibadilika mbele ya macho yetu. Tulikuwa tumeahidiwa tangu 1973, watu walishazoea ahadi. Ghafla Ilazo, Iyumbu, Nzuguni kote kukawa na mirundo ya mchanga na kokoto, na vijana wakamiminika kutafuta vibarua kutoka Kondoa, Manyoni, Bahi na huko kwenu Singida. Mimi nilikuwa msimamizi wa mafundi kwa mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja.

Tukapewa kiwanja cha bondeni. Udongo mweusi, ule wa mbuga. Ilikuwa mwisho wa kiangazi na ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Kulikuwa na kijana wa Bahi, mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba wakati wa kupandisha zege. Alichutama akaingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko kikazama. Akaniambia, "Mzee, kwetu udongo huu tunapanda mpunga. Nyumba hatujengi hapa. Mvua ikija unavimba, kiangazi unajikunja, na ukuta unaufuata."

Hakuna chuo kingeweza kulisema vizuri zaidi. Udongo ule wa mfinyanzi hunywa maji ukanyanyuka, ukikauka hushuka, na haunyanyuki sawasawa pande zote. Dawa yake inajulikana: unauondoa mpaka ufike ardhi ngumu, unajaza moramu, ule udongo mgumu wenye changarawe, na kuishindilia, unafunga msingi kwa zege na nondo. Ni gharama, lakini inajulikana. Nikamshika mkono nikampeleka kwa injinia ili aseme mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona.

Injinia akamsikiliza nusu. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Umesoma wapi wewe?" Kijana akajibu, darasa la saba, Bahi. Watu wakacheka. "Basi rudi kwenye koleo." Nikasema, "Injinia, anachosema ni kweli, tuchimbe shimo moja tu la kupima." Nikajibiwa kwamba ratiba haisubiri shimo. Msingi ukachimbwa kama ulivyochorwa.

Nyufa zilikuja, bila shaka. Mvua za kwanza tu, zikateremka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha. Lakini si nyufa zinazoniuma. Kinachoniuma ni namna yule kijana alivyokuwa tangu siku ile. Aliendelea kuja kwa wakati. Aliambiwa beba, akabeba. Aliambiwa simama, akasimama. Ila hakusema tena neno. Siku moja aliona nondo zimepangwa kinyume, nilimwona akiziangalia, akazivuka akaenda zake. Kuimba akaacha. Kabla ya Krismasi akaondoka, sikujua alikokwenda. Wewe kama ungekuja kukagua kazi ile siku za mwisho, ungemwona, na ungeandika kwenye ripoti yako: kijana huyu hana motisha.

Sasa nijibishane mwenyewe, maana mama yako ananiambia namwonea injinia. Labda. Yeye alikuwa na mkataba wenye faini ya kila siku ya kuchelewa, na bosi wake Dar es Salaam alikuwa anampigia simu asubuhi na jioni. Tena si kila kijana anayesema anajua. Nilikuwa na mwingine, wa Kondoa, mwenye maneno mengi, alijaribu kunishawishi tupunguze saruji kwenye lipu ya nje kwa sababu fundi mmoja wa kwao hufanya hivyo. Ningemfuata huyo, lipu yote ingebanduka. Kwa hiyo kusikiliza si kukubali. Lakini shimo la kupima ni kazi ya nusu siku, mwanangu! Nusu siku na koleo mbili. Kila nikifika hapo hasira inarudi.

Watu wengi watakwambia tatizo ni kizazi hiki. Babu wa Ntyuka na wenzake walisema hayo hayo kuhusu sisi, kwamba tumezoea redio na suruali pana. Mimi siamini sana habari za kizazi. Ila kuna mambo mawili yamebadilika kweli na lazima uyaone. La kwanza, sisi tulikuwa hatuna pa kwenda. Ukigombana na fundi unarudi kulima. Kijana wako akichoka ana simu, ana rafiki mwenye bodaboda, ana mwingine anayeuza nguo mtandaoni, anajua pa kuanzia kesho. Kumtisha hakusaidii. La pili umeliandika mwenyewe kwa pupa kama jambo dogo: kampuni inawapa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Na waliosoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Mtu asiyejua kama atakuwepo Pasaka, utamwambiaje aipende mipango ya msimu ujao? Hapo hata kona haitoshi. Nasema hivi nikijua inapunguza nguvu ya neno langu, lakini ni kweli. Hilo lipeleke kwa wakubwa wako, lipeleke kwa maandishi, na usiwaachie vijana waonekane wavivu kwa ajili ya karatasi ambayo kampuni imekataa kuiandika.

Lililo mikononi mwako ni hili. Huko Singida mvua ni msimu mmoja, na mkulima wa alizeti asipopata mbegu kabla haijanyesha, amekwisha. Mwaka jana ulinilalamikia kwamba mbegu zilibaki ghalani Singida mjini huku mawakala wa Ikungi na Iramba wanapiga simu wakilia. Nani aliamua kiasi cha kupeleka? Wewe. Nani alibeba magunia na kujaza fomu? Wao. Mgawie mmoja Ikungi yote. Aende mwenyewe, akae na mawakala, arudi na hesabu, aseme zipelekwe ngapi na lini, na wewe utie sahihi. Mwingine mpe Iramba. Usimpe kazi hiyo Jumatatu kisha Alhamisi ukaamua wewe kwa sababu una haraka, maana hapo umemrudisha kwenye kamba. Akikosea mwonyeshe palipopinda arudie kwa mkono wake. Na siku mkurugenzi anapokuja, jina lake litamkwe, akiwa amesimama pale. Hii ya mwisho usiisahau. Watu wanagawa kazi vizuri, kisha kwenye ripoti linabaki jina la mkuu wa kitengo.

Wengine hawataitaka kona. Wapo. Nilikuwa na kijana hodari kabisa aliyeniambia, "Mzee, mimi nijaze katikati tu, nina mtoto mgonjwa, kichwa changu hakipo." Nikamwacha ajaze katikati, na alijaza vizuri kuliko wote. Usimlazimishe mtu kung'ara.

Nimebaki na yule mchelewaji. Umeniuliza aende au abaki. Sijamwona, kwa hiyo sitasema. Barua ya onyo una haki nayo. Sheria inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na kosa la kwanza lisilo zito halitoshi, kwa hiyo hilo la kumwondoa usilikimbilie hata ukiwa umekasirika. Lakini katika ujumbe wako mrefu wote umeniambia amechelewa mara ngapi, hukuniambia anakaa wapi. Anapanga mjini au anatoka Ilongero na gari la asubuhi? Ana mgonjwa? Je, kuna kitu aliwahi kukuambia kuhusu ghala au kuhusu mawakala, ukamjibu kwa haraka? Sisemi ulimjibu vibaya. Nauliza tu. Ningekuwa mimi, ile barua… Basi. Mama yako amekaa hapa pembeni ananiangalia, anasema kitengo si changu, ni chako, nikuache.

Nimekuacha. Ila muulize hayo, kabla ya kikao chenu cha Ijumaa, mkiwa wawili tu na si mbele ya wenzake, halafu uniandikie alivyojibu kwa maneno yake mwenyewe.

Mama yako anakusalimu, anasema zabibu za Hombolo zimeanza kuingia sokoni, atakutumia kwa basi la Jumamosi. Ukimwona kaka yako mwambie pima maji yangu naihitaji wiki hii.

Baba yako