Nimefukuzwa mwaloni na vidonge vimebaki kumi, nianzie wapi?

Swali: Mimi ni Mrundi, naanika dagaa mwalo wa Igombe, Mwanza. Tajiri aliona kopo langu la ARV akanifukuza, akasema nikilalamika ataita Uhamiaji. Sina kibali, na kadi ya kliniki niliiacha kwetu. Vidonge vimebaki kumi. Nifanyeje?

Jibu: Pole, dada. Anza na dawa, wiki hiihii. Kama kopo limeandikwa tenofovir, lamivudine na dolutegravir, unameza kimoja kwa siku, kwa hiyo una siku 10. Usivikate nusu ili vifike mbali. Dozi pungufu huwapa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Nenda CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, na kopo lenyewe, lebo usiibandue. Kama unaogopa macho ya watu wa mwaloni, panda daladala uende hospitali ya Sekou-Toure mjini. Sema ulianza dawa lini, kituo gani, na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi. Wageni wasio na barua ya uhamisho huponzwa na jambo moja: kujifanya wanapima kwa mara ya kwanza. Aliyetumia dawa muda mrefu, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha hana VVU, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wakikukwamisha kwa kitambulisho, usibishane dirishani, omba kumwona msimamizi wa kliniki.

Sasa kazi. Tajiri amekubagua kwa VVU, kisha anatumia ugeni wako kukuziba mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa VVU na wa utaifa pia, basi taja vyote viwili. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kufukuzwa. Andika kitisho kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, na nani alisikia. Kama ameshatangaza hali yako, ongeza hilo: sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inamtaka hata mwajiri atunze siri.

Ila usijaze fomu kabla ya kuonana na mtoa msaada wa kisheria. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza. Kuajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la tajiri pia, lakini hilo halikukingi wewe, na anaweza kudai kwamba ajira yenyewe haikuwa halali. Hoja hiyo imewahi kukubaliwa mahakamani. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, usiwapelekee shauri hili. Watakaolisikiliza ni walewale mnaoonana nao kwenye vichanja kila asubuhi.