Simu za IP zinakatika mchana? Anza na foleni kabla ya kulipia kasi

Mkuu, umesema ofisi yenu ya Makambako ina simu nane za IP (zinazopitisha sauti kwenye intaneti), laini inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, na sauti hukatika kila kamera zinapotuma rekodi makao makuu Mbeya. Unauliza kama mlipie kasi kubwa zaidi. Subiri kwanza. Inaniuma kuona ofisi ndogo za huku Nyanda za Juu zikilipa kila mwezi kwa kasi isiyotibu tatizo.

Simu moja ya G.711, mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data, hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Zote nane zikiongea kwa pamoja hazifiki kilobiti 700, kwa hiyo nafasi ipo. Shida ni foleni. Kamera zikianza kutuma, modemu hujaza bafa yake, yaani hifadhi ya data inayosubiri kutumwa, na pakiti ya sauti (kipande kidogo cha data) hukwama kama gari dogo nyuma ya malori yanayopanda Kitonga. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu huanza kukatizana maneno.

Wengi hukosea hapa: wanaweka alama ya DSCP 46 inayotambulisha pakiti za sauti, wanaipa sauti kipaumbele cha 1 (cha juu kabisa) kwenye ruta ya MikroTik, na hakibadiliki kitu. Ruta haiwezi kupanga foleni ambayo haiko kwake! Pima kasi ya kupandisha saa za kazi, kisha kwenye foleni mama, ile inayobeba foleni nyingine zote za ruta, weka kikomo chini kidogo ya kipimo hicho. Ukipata 5, weka 4.5. Kama mnatumia 4G, fuata kipimo cha chini kabisa, maana kasi yake hupanda na kushuka. Foleni itahamia kwenye ruta, na hapo ndipo kipaumbele kitafanya kazi. Sauti nayo ipe ukomo wake, megabiti 1 inawatosha.

Swichi za ndani usihangaike nazo sana. VLAN ya sauti, yaani mtandao wa ndani uliotengwa kwa simu, inatosha. Na pakiti zikishatoka kwenye intaneti ya kawaida, usitegemee alama yako kuheshimiwa.

Ukimaliza, tuma ping Mbeya, kupima muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku kamera zikituma. Muda ukibaki karibu na ule wa laini tupu, acha hapo hapo. Sauti ikikatika hata kamera zikiwa zimezimwa, kagua antena na nyaya kabla ya kugusa ruta tena.