Rivolva ya fataki: igeuze kwanza, kalamu baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kuandika katalogi za mnada, nachukua mfano wa Colt 1860 Army, rivolva ya kizamani inayolipuliwa na fataki (kikofia kidogo cha baruti kinachogongwa na nyundo), maana ndo mtakayokutana nayo sana. Jeshi la Kaskazini lilinunua zaidi ya laki moja kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, na kiwanda cha Colt kule Hartford kilitoa kama laki mbili hivi hadi 1873.

Kwanza hakikisha haina kitu ndani, sitanii, baruti nyeusi ikikaa kavu hata miaka mia na sitini bado inawaka. Chungulia matundu ya silinda kwa mbele, angalia na chuchu za nyuma, vile vipini vinavyovalishwa fataki, kama kuna iliyosahaulika. Na usiifyatue tupu ili usikie mlio, nyundo inaenda kuponda chuchu.

Haya, namba ya kiwandani, ile inayopigwa kwenye vipande vyake. Mwaka wangu wa kwanza niliona namba ya fremu, ya mtutu na ya kilinda triga ziko sawa, nikaandika "namba zote zinalingana" nikaenda zangu kunywa chai. Siku ya maonyesho mteja mmoja akaigeuza taratibu akaniuliza, "Na silinda je?" Silinda ilikuwa na namba yake tofauti kabisa, aibu niliyopata we acha tu. Siku hizi naandika kipande kimoja kimoja, hadi ile kabari inayoshika mtutu, ambayo mara nyingi si yake maana ni kadude kadogo kanapotea. Na chukua lensi uangalie tarakimu zenyewe, ukikuta chuma kimeliwa na kutu pembeni ila namba ina kingo kali kama imepigwa jana, basi imepigwa jana kweli.

Silinda ina picha ya vita vya majini, manowari za Texas na Meksiko, 16 Mei 1843. Usiandike "picha ipo" ukaishia hapo, sema inaonekana kiasi gani na imefutika upande gani, wakusanyaji wanalipia hiyo. Kwenye mbao za mpini tafuta muhuri wa mkaguzi wa jeshi, herufi za mwandiko wa mkono ndani ya kiboksi kidogo, ukiinamisha mpini kwenye taa utauona.

Kopi za Italia za rivolva za kizamani kama hizi zipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na zina alama za ukaguzi za kwao, ila kuna wajanja wanazifuta kwa tupa halafu wanaizeesha, so ukikuta sehemu ya mtutu imebonyea bila sababu, shtuka.

Na mtu akikupigia anataka kuleta rivolva yake, mwambie asiiguse! Kuna mzee alituletea yake inang'aa kama sufuria ya harusi, kaisugua wiki nzima na msasa kwa nia njema kabisa, yale mawingu ya rangi ya kiwandani kwenye fremu hakuna, picha hakuna, nami ikabidi niandike "imesafishwa kupita kiasi" huku kanikalia mbele anatabasamu.