Kabla ya kiti cha mwongozaji, kalia kwanza viti vya wenzako

Kazi yangu ya kwanza studio ilikuwa kukunja kebo. Nilikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kituo kimoja cha televisheni Dar es Salaam nikiwa na hamu ya kushika kamera, nikakabidhiwa rundo la kebo baada ya kipindi. Fundi mmoja mtu mzima akanionyesha: duara la kwanza unalikunja kawaida, la pili unalipindua kwa ndani, la tatu kawaida, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kebo iliyokunjwa namna hiyo ukiitupa sakafuni inafunguka yenyewe. Ile iliyozungushwa kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo hujisokota, nyuzi za ndani hukatika taratibu, na siku moja katikati ya matangazo mubashara sauti inaanza kukwaruza. Anayeulizwa siku hiyo ni fundi sauti. Aliyekunja yuko nyumbani kwake amelala.

Nilikaa na jambo hilo kichwani muda mrefu. Studio kosa la mtu mmoja hutokea kwenye kiti cha mwingine, na mwenye kosa anaweza kumaliza mwaka mzima bila kulijua. Ndiyo maana kijana akiniuliza aanze na kamera ya aina gani, namwambia asianze na kamera. Aanze na sauti.

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo. Maneno asiyoyasikia hayavumilii, anahamisha chaneli. Halafu sauti inakufundisha kumwangalia mtu kabla ya kuangalia mtambo. Mgeni amevaa mkufu? Utagonga maiki kila akicheka. Amevaa hijabu? Maiki ikae juu ya kitambaa, maana ikiwa chini yake utasikia msuguano tu. Shati limepigwa wanga? Litachakacha. Na kabla hujagusa kola ya mtu, msalimie. Kama ni mtu mzima, shikamoo kwanza, umweleze unachotaka kufanya, na waya unaopita ndani ya nguo aupitishe mwenyewe. Mgeni aliyeshikwashikwa bila kuombwa ruhusa anaingia hewani akiwa amekasirika, na kasoro hiyo hakuna mtambo wa kuirekebisha.

Unapopima sauti yake usimwambie ahesabu moja, mbili, tatu. Kila mtu huhesabu kwa unyonge. Muulize ametoka wapi asubuhi na foleni ilikuwaje, utasikia sauti yake halisi. Kwenye mitambo ya kidijitali sifuri ndiyo dari: sauti ikiigonga inapasuka, na mhariri hawezi kuirudisha. Sisi tulikuwa tukiacha mazungumzo ya kawaida yacheze desibeli 20 hivi chini ya dari hiyo, kwa sababu mjadala ukipamba moto watu hupaza sauti. Maiki isiyo na waya iwekwe betri mpya kila kipindi. Maiki ya kondensa ikiwa kimya, kabla ya kubadilisha kebo, angalia kama ile swichi ya volti 48 inayoipa umeme, kwenye miksa (mtambo wa kuchanganya sauti), imewashwa. Na njia ya sauti ya mgeni ambaye hajaingia hewani iwe imefungwa kwenye miksa. Anaweza kuwa anaongea na mkewe kwa simu.

Kutoka hapo ndipo uende kamera. Nitakusimulia kosa langu. Nilikuwa kamera ya tatu, na picha yangu ndiyo ilikuwa hewani. Mwongozaji akasema, “Mbili, tayari.” Nikadhani nimeachiwa, nikaanza kutafuta picha nyingine. Kumbe alikuwa akiiandaa tu kamera ya pili, bado hajakata kwenda kwake. Watazamaji wakaona uso wa mgeni unateleza, likafuata pazia, kisha ngazi ya mafundi taa. Zilikuwa sekunde mbili au tatu hivi. Tangu siku ile siisogezi kamera mpaka taa nyekundu iliyo juu yake izimike, hata kama masikio yananiambia vingine.

Maana kamili ya kosa lile niliipata miezi kadhaa baadaye, nilipokaa kwenye swicha, mtambo wa kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani. Pale unaziona picha zote pamoja, na unaona jinsi mwongozaji anavyoishi kwa kile anacholetewa na wapiga picha. Kamera isiyokuwa hewani haipumziki. Inamtafutia mikono ya mgeni anayefafanua jambo, uso wa mtangazaji anayesikiliza, kisha inatulia na kungoja. Niliporudi kwenye kamera nilikuwa mtu mwingine kabisa. Nilijua pia kwa nini kamera zote zinapimwa weupe kwa karatasi ile ile chini ya taa zile zile: bila hivyo mgeni ana manjano kwenye kamera ya kwanza na ubuluu kwenye ya pili, na kila mkato unamchoma macho mtazamaji.

Hapa niseme kidogo kuhusu taa. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, ikikutana na mgeni mweusi aliyevaa kanzu nyeupe itaifuata kanzu, na uso utazama gizani. Nimeona mashehe na maprofesa wakipotea hivyo kwenye vipindi vizuri sana. Pima mwanga wa uso kwanza, nguo baadaye, na uweke taa ya nyuma inayochora mabega na kichwa ili mtu asimezwe na pazia la nyuma. Watu wetu wanastahili kuonekana vizuri kwenye televisheni zao.

Kiti kilichonifunza kuliko vyote hakina kiti: ufloo meneja, yaani usimamizi wa sakafu ya studio. Unasimama karibu na lensi ambapo mtangazaji anakuona, sikioni una intakomu, chombo cha kumsikia mwongozaji. Mwongozaji yuko chumba kingine, muda umemwishia, anafoka, “Mwambie huyo mzee amalize sasa hivi!” Wewe unapokea ukali wote ule, unautoa ukiwa ishara ya vidole na uso mtulivu. Wanaokaa mbele ya kamera wasijue kama kuna moto nyuma ya kioo. Kabla ya kipindi ni wewe unayemwambia mgeni amtazame mtangazaji na asiihangaikie kamera, unayehakikisha simu imezimwa na maji yapo. Kila studio ina ishara zake za mikono, kwa hiyo ukihamia sehemu mpya ziulize mapema.

Grafiki, yaani majina na maandishi ya kwenye skrini, ni kiti cha tahajia. Thibitisha jina na cheo na mwenyewe, basi. Otokyu, ile skrini inayomwonyesha mtangazaji maneno ya kusoma, inataka zaidi. Kasi humfuata msomaji. Ukianza kumkimbiza wewe, atasoma kama anayefukuzwa. Andika saa za Kiswahili. Mtangazaji anayekutana na 20:00 wakati ulimi wake unataka saa mbili usiku atajikwaa mbele ya nchi nzima. Tarakimu ndefu nazo ziandikwe kwa maneno: 1,345,000 inasomeka salama ikiwa imeandikwa milioni moja, laki tatu na arobaini na tano elfu.

Sasa utavipataje viti hivi wakati mkuu wako anakutaka mahali pamoja? Omba kukaa nyuma ya mtu akiwa kazini, ukiwa kimya. Usiulize kitu wakati kipindi kiko hewani. Andika maswali kwenye daftari, umuulize akishavua hedifoni. Jitolee kwenye mazoezi na vipindi vya kurekodi, ambako kosa linarudiwa. Ukiambiwa usogee, sogea bila kununa, kesho yake urudi.

Na kama hujapata studio kabisa, tazama jirani. Makanisa mengi mjini siku hizi yanarusha ibada mtandaoni kwa kamera mbili tatu, swicha ndogo na miksa ya sauti, na mara nyingi wanaoziendesha ni vijana wa kujitolea. Hotuba misikitini na sherehe za harusi nazo zinarushwa hivyo hivyo. Nenda siku ya maandalizi, si siku ya ibada, ukaombe kazi ambayo hakuna anayeigombania. Jumamosi jioni watakuwa wanatandaza kebo.